Kitabu cha Karatasi, Kindle au Kishikwambi: Shule Inunue Kipi?

Pesa imepatikana. Pengine wazazi wamechanga, pengine waliosoma hapo zamani wamejikusanya, na kwenye kikao cha kamati ya shule mtu amesimama na hoja: kwa nini tununue vitabu kila mwaka ilhali kifaa kimoja kinabeba maktaba nzima? Hoja ina mvuto. Kindle ya kawaida, kifaa cha kampuni ya Amazon cha kusomea vitabu, ina gramu 158 tu, na inaingiza maelfu ya vitabu. Begi la mtoto wa kidato cha kwanza mwenye masomo tisa sina haja ya kulieleza.

Nitangulize jibu langu ili ujue unasoma nini. Kwa vitabu vya kiada, vile vya somo vinavyofunguliwa darasani kila siku, baki na karatasi. Kwa hadithi, riwaya na vitabu vya ziada, vinavyosomwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, kifaa cha kusomea kinastahili pesa yako, hasa kama shule haina maktaba. Kishikwambi nacho kina kazi yake ya tatu, na haihusiani sana na hizo mbili. Pesa nyingi zimepotea, kwetu na kwa wenzetu, kwa sababu mtu alinunua kitu kimoja akitegemea kifanye kazi zote tatu.

Vifaa viwili vinavyoitwa jina moja

Muuzaji atakwambia "kifaa cha kidijitali", lakini mezani kuna vitu viwili tofauti kabisa.

Cha kwanza ni Kindle na ndugu zake, Kobo na PocketBook. Kioo chake kina vidonge vidogo mno vyenye chembe nyeusi na nyeupe. Umeme ukipita, chembe hupanda au kushuka, na zikishakaa mahali pake hazihitaji umeme tena. Chaji inatumika hasa pale unapogeuza ukurasa au kuwasha taa yake ya pembeni. Ndiyo maana unaweza kukisoma chini ya jua la saa sita bila kukinga kwa kiganja. Ubaya wake ni kwamba aina ya kawaida haina rangi, inageuza kurasa polepole, na haina video wala cha kujibonyezea.

Cha pili ni kishikwambi, ambacho ni simu kubwa. Kina rangi, kina sauti, kinacheza video, kinafundisha hesabu kwa michezo, na usipokuwa mwangalifu kina TikTok. Ukikitoa nje chini ya mwembe, mtoto anajiona uso wake mwenyewe.

Tofauti hii inaonekana vizuri zaidi kwenye umeme. Betri ya kishikwambi cha kawaida inabeba kama wati-saa 20, na darasa la watoto 45, kila mmoja na chake, wakivitumia kutwa nzima, kesho asubuhi unahitaji kama wati-saa 900. Paneli ya sola ya wati 100 kwenye siku yenye jua zuri inakupa kama 400. Kwa hiyo ni paneli tatu, betri za kuhifadhia, na mtu wa kusimamia nyaya kila jioni. Betri ya Kindle inabeba kama wati-saa 5. Amazon wanapotangaza kwamba chaji inakaa wiki sita, hesabu yao ni ya mtu anayesoma nusu saa kwa siku, jumla saa 21. Mtoto akisoma saa tatu kwa siku, hiyo ni wiki moja. Darasa zima la Kindle linachajiwa kwa paneli hiyo hiyo moja, siku moja, mara moja kwa wiki. Kwa shule ambayo LUKU ikiisha mhasibu anajifanya hasikii, hapo hakuna mjadala.

Ukurasa wa 74, zoezi la tano

Sasa tuingie darasani, kwa sababu huko ndiko kitabu cha kiada kinakofanya kazi.

Mwalimu wa hisabati anasema: fungueni ukurasa wa 74, zoezi la tano. Wenye vitabu wamefika kabla hajamaliza kuandika tarehe ubaoni. Mwenye Kindle ana njia mbili. Kama kitabu ni faili la PDF, maana yake ni picha ya ukurasa mkubwa iliyobanwa kwenye kioo cha inchi 6 au 7, na herufi zinakuwa kama sisimizi. Akikuza, pembetatu inabaki juu nje ya kioo na swali linalouliza juu ya pembetatu hiyo liko chini. Kama kitabu kimetengenezwa kwa muundo wa EPUB, maandishi yanajipanga upya kulingana na ukubwa wa herufi aliouchagua, kwa hiyo mahali alipofika mmoja baada ya kugeuza mara 74 sipo alipofika mwenzake. Mwalimu anaanza kuzunguka meza kwa meza, na dakika 40 za kipindi zinayeyuka.

Halafu tazama mikono ya mwanafunzi anayefanya hesabu. Kidole kimoja kiko kwenye mfano, kingine kwenye zoezi, kipande cha karatasi kimechomekwa kwenye jedwali la logi, na majibu yako nyuma ya kitabu. Anaruka kurasa 200 mara kumi kwa kipindi kimoja na wala hatambui. Kwenye kifaa, kila mruko ni menyu, kuandika namba, kusubiri kioo kijifute na kujichora upya, kisha kutafuta njia ya kurudi. Jiografia yenye ramani na baiolojia yenye michoro ya rangi ndiyo kabisa: mshipa mwekundu na mshipa wa buluu vyote vinakuwa vya kijivu.

Jambo la mwisho hapa husahaulika na wanaopanga mipango hii wakiwa ofisini. Madarasa mengi bado watoto wawili au watatu wanakaa na kitabu kimoja kwenye dawati. Si hali nzuri, lakini kitabu kinaivumilia: kinafunguka, kinalazwa katikati, kila mmoja anaona. Kioo cha inchi 6 ni cha macho ya mtu mmoja. Ukinunua vifaa vichache vya kugawana, umenunua ugomvi.

Wanaosoma wanaelewa nini

Mwaka 2018 watafiti walikusanya tafiti 54 zilizohusu wasomaji zaidi ya 170,000, wakalinganisha uelewa wa waliosoma kwenye karatasi na waliosoma kwenye vioo. Karatasi ilishinda. Haikushinda kwa kishindo, lakini ilishinda, na pengo lilikuwa kubwa zaidi pale msomaji alipopewa muda maalumu. Kilichonivutia mimi ni mambo mawili. Pengo lilionekana kwenye maandishi ya maarifa, na kwenye hadithi halikuonekana. Na halikupungua kadiri miaka ilivyosonga. Liliongezeka kati ya 2000 na 2017. Wanaosema watoto wa siku hizi wamezaliwa na simu mkononi kwa hiyo wao watasoma sawasawa tu, wana kazi ya kueleza hapo.

Utafiti mwingine mdogo, wa Anne Mangen wa Norwei na wenzake, ulichapishwa 2019 na ulitumia Kindle yenyewe. Watu 50 walisoma hadithi moja ndefu ya upelelezi, nusu kwenye kitabu, nusu kwenye Kindle. Kwa maswali mengi walilingana. Walioshika karatasi walikuwa bora kwenye jambo moja: kueleza tukio lipi lilitangulia lipi. Ukishika kitabu, mkono wa kushoto unazidi kuwa mzito na wa kulia unazidi kuwa mwepesi, na inaelekea kumbukumbu inapata pa kushikilia. Kwa mtu anayesoma riwaya kujiburudisha, hilo ni dogo. Kwa anayesoma historia na kesho ana mtihani wa Maji Maji, si dogo.

Sweden, ambayo haina shida ya umeme wala ya pesa, ilikwenda mbali sana na vioo, kisha mwaka 2023 serikali yake ikatenga kronor milioni 685 kurudisha vitabu vya karatasi madarasani. Korea Kusini ilianza Machi 2025 na vitabu vya kidijitali vyenye akili mnemba, na ilipofika Agosti Bunge likavishusha hadhi, vikawa vitu vya ziada badala ya vitabu rasmi vya kiada. Sisemi tuwafuate kwa sababu ni wao. Nasema tu kwamba mwenye hoja kuwa "dunia nzima inahamia huko" hajatazama dunia karibuni.

Kuvunjika

Ghana ndiko tulikopata somo la wazi. Shirika la Worldreader lilipeleka Kindle shuleni huko kuanzia mwaka 2010. Watoto wa shule za msingi walisoma zaidi, na uwezo wao wa kusoma ulipanda. Wakati huohuo asilimia 40 hivi ya vifaa viliharibika, vingi kwa kioo kupasuka. Baadaye vikatafutwa vifaa imara zaidi na makava magumu, na shirika lenyewe likazidi kuegemea kwenye simu.

Sababu ni ya kimaumbile. Chini ya uso wa kifaa hiki, mara nyingi kuna bamba jembamba la kioo. Haliogopi kuanguka kama linavyoogopa kukandamizwa: begi limekaliwa, kiwiko kimeegemea, daftari gumu limesukumwa juu yake. Nusu ya ukurasa inaganda na mistari, na hapo basi. Kioo cha kishikwambi fundi wa simu Kariakoo atakubadilishia wakati unakunywa chai. Kioo cha Kindle hana, na akikipata, bei yake inakaribia ya kifaa kipya.

Kitabu cha karatasi kinaharibika pia, tena sana. Jalada linatoka, panya wanapitia, mvua inaingia stoo. Ila kitabu kilichopoteza sura mbili bado kina sura nane. Kifaa kilichopasuka kina sifuri.

Hesabu, weka bei zako

Tuchukue mfano, nawe ubadilishe namba kulingana na duka lako. Masomo tisa, kila kitabu shilingi 10,000: mwanafunzi mmoja ni 90,000, na vitabu vikidumu miaka minne ni 22,500 kwa mwaka. Kindle ya bei ya chini ni kama dola 110 Marekani. Ukiweka usafiri na kava tuseme 300,000. Ikidumu miaka minne bila hata moja kuvunjika, ni 75,000 kwa mwaka. Zikivunjika kama za Ghana, vifaa 100 vya milioni 30 vinakuwa 60, na kila kinachofanya kazi kimekugharimu 500,000. Na mpaka hapo hujalipia kitabu hata kimoja cha kuweka ndani. Hili la mwisho ndilo muuzaji analipita harakaharaka.

Kwenye hadithi hesabu ni nyingine, ingawa nayo nitaisema bila kuipamba. Vifaa kumi ni milioni tatu. Kwa pesa hiyo ungepata vitabu vya hadithi 375 vya shilingi 8,000, na watoto 375 wangeweza kusoma kwa wakati mmoja, si kumi. Kwa shule yenye chumba, rafu na mwalimu wa kusimamia, ningenunua vitabu. Lakini shule nyingi hazina chumba, na kuna aina ya mtoto ambaye maktaba ndogo haimtoshi: anamaliza hadithi kwa siku mbili, wiki ya tatu ameshapitia zote zinazomfaa, kisha anaacha kusoma kwa kukosa cha kusoma. Huyo ndiye kifaa kinamwokoa. Anamaliza saa mbili usiku bwenini na kitabu kinachofuata kiko palepale. Na kwa shule zenye marufuku ya simu, Kindle inampa mkuu wa shule usingizi, kwani haipigi simu wala haina WhatsApp.

Vya kuweka ndani vitatoka wapi

Hapa ndipo mipango mingi ya Kiswahili inapokwama. Wachapishaji wetu wengi hawajauza vitabu vyao vya fasihi kwa njia ya kielektroniki, wakihofia nakala za bure, na hofu hiyo ina msingi: PDF za vitabu vya fasihi zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kila muhula. Shule isiingie huko. Vya halali vipo. Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. African Storybook, mradi ulioanzishwa na Saide ya Afrika Kusini, una hadithi nyingi za watoto kwa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika, zenye leseni huria: unapakua, unachapisha, unaweka kwenye vifaa vingapi upendavyo. Hadithi hizo ni nzuri kwa wadogo. Kwa kidato cha tatu na kuendelea utahitaji kuzungumza na wachapishaji mmoja mmoja, na ujiandae kusubiri majibu.

Pia uliza kitabu ni cha nani baada ya kukilipia. Mwaka 2009 Amazon ilifuta kutoka kwenye Kindle za watu vitabu walivyokwisha kuvinunua, kwa sababu aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Pesa ilirudishwa na kampuni ikaomba radhi, lakini kila mtu alijua tangu siku hiyo kwamba mkono wao unafika ndani ya begi lako. Februari 2025 waliondoa njia ya kupakua kitabu ulichonunua kwenye kompyuta na kukihamisha kwa waya. Faili zako mwenyewe bado unaingiza kwa waya, ila kitabu cha dukani kwao kinataka Wi-Fi, na kwa kawaida kinaruhusiwa kwenye vifaa sita tu, si darasa. Kwa shule isiyo na intaneti ya uhakika ningetazama kwanza Kobo au PocketBook, zinazofungua EPUB moja kwa moja bila kupitia duka la mtu.

Kishikwambi na kazi yake

Kishikwambi kilipata heshima yake mkoani Tanga. Kati ya 2017 na 2019, katika shindano la Global Learning XPRIZE, watoto wapatao 2,700 wa vijiji 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili, vikichajiwa kwa sola kijijini. Wengi hawakuwa wamewahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili walipoanza. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Programu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana zawadi ya dola milioni 10. Angalia kilichofanya kazi hapo: sauti inayotamka "ba be bi bo bu", kidole kinachofuatisha herufi, programu inayosubiri mtoto akosee na kumrudisha nyuma. Hiyo ni kazi ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na Kindle haiwezi.

Kenya ilikwenda kwa wingi. Ahadi ya kompyuta mpakato ya 2013 ilikwamia kwenye kesi ya zabuni, na kuanzia 2016 vishikwambi zaidi ya milioni moja vikapelekwa katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000, pamoja na projekta na kifaa cha kuhifadhia masomo. Sehemu nyingi viliishia kufungiwa stoo kwa hofu ya wezi, na mwalimu aliyekatwa mshahara kwa kifaa kilichopotea hakitoi tena. Hapo ndipo napenda wazo la kampuni ya BRCK ya Nairobi, ambayo mwaka 2015 ilitoa Kio Kit: sanduku gumu la magurudumu lenye vishikwambi 40 vinavyochajiwa kwa kuvipachika tu kwenye nafasi zake, bila nyaya. Kipindi kikiisha unaona papo hapo nafasi ipi haina kitu. Hata ukinunua vifaa vya aina nyingine, tafuta sanduku la namna hiyo, au mwambie seremala akutengenezee.

Kwa Tanzania kuna njia ya mkato. Vishikwambi vya Sensa ya 2022 viligawiwa walimu baada ya zoezi. Kama shule yako ina vichache, projekta moja inakupa video ya moyo unavyosukuma damu mbele ya darasa zima, na hujanunua cha mwanafunzi hata kimoja.

Hawa ningewanunulia kesho

Kanuni yangu ya kubaki na karatasi ina watu inaowakandamiza: wanafunzi wenye uoni hafifu, wakiwemo wengi wenye ualbino. TET huchapa vitabu vya maandishi makubwa na vya nukta nundu, lakini kitabu cha maandishi makubwa ni kizito, ni kikubwa, na hakifiki kila shule. Kwenye kifaa cha kusomea, kitabu kilichotengenezwa kwa EPUB kinakuzwa herufi mpaka mstari mmoja unabeba maneno matatu, bila mwanga mkali wa kishikwambi unaochoma macho. Mtoto anakaa wima badala ya kulaza pua kwenye karatasi. Hapa hata kitabu cha kiada kihamie kwenye kifaa, na mwalimu atamke jina la zoezi pamoja na namba ya ukurasa. Sharti ni EPUB, PDF haimsaidii. Kwa asiyeona kabisa ni jambo jingine, kwa kuwa kifaa lazima kisome kwa sauti hadi menyu zake. Vyama vya wasioona Marekani viliwahi kukishtaki Chuo Kikuu cha Arizona State mwaka 2009 kwa kuleta Kindle ambayo mwanafunzi asiyeona asingeweza kuiendesha peke yake.

Kwa hiyo mgawanyo wangu wa milioni kumi ungekuwa hivi: milioni sita vitabu vya kiada vya masomo yenye upungufu mkubwa, tatu vifaa kumi vya hadithi vikikaa kwenye sanduku lenye kufuli chini ya mwalimu mmoja anayependa kusoma, na moja paneli na vifaa vya akiba. Mtoto mwenye uoni hafifu achukue chake kwanza kati ya hivyo kumi. Na kabla ya kusaini chochote, mlete muuzaji darasani na kifaa kimoja. Mpe mwanafunzi wa kidato cha pili, mwambie afungue zoezi, atafute jibu nyuma ya kitabu, kisha arudi alipokuwa. Mwenzake afanye hivyohivyo kwa kitabu, nawe ushike saa.